Eco: Jina Adimu la Ukoo Lililotungwa na Karani

Na Mwandishi Wetu

Ndugu zetu wanaoishi Napoli, kusini mwa Italia, hawahitaji kuambiwa habari za jina Esposito. Mwenye nyumba ni Esposito, daktari wa mtaa ni Esposito, fundi bomba ni Esposito na dereva wa basi naye vilevile. Lakini ni wachache sana kati yao waliowahi kukutana na mtu mwenye jina la ukoo la Eco. Wengi wetu tunamfahamu Eco mmoja tu, naye ni mwandishi na profesa Umberto Eco, aliyefariki mjini Milano Februari 19, 2016 akiwa na umri wa miaka 84.

Majina haya mawili, moja limejaa kama mchanga wa pwani na jingine ni adimu kama maziwa ya kuku, yametoka mlango mmoja. Yote mawili ni majina waliyopewa watoto waliotupwa, watoto ambao wazazi wao hawakujulikana.

Tuanze na maana. Ukifungua kamusi ya Kiitaliano utaona kwamba neno eco ni mwangwi, ile sauti inayokurudia ukipiga kelele bondeni au ndani ya pango. Haraka haraka mtu atafikiri kwamba hapo zamani alikuwepo babu mmoja mwenye sauti kubwa, au familia iliyoishi chini ya mlima, na majirani wakawapachika jina hilo. Dhana hiyo si ya kipuuzi, kwa sababu majina mengi ya ukoo ya Kiitaliano yalipatikana hivyo hivyo. Ferrari ni jina la wahunzi, Rossi na Russo ni la watu wenye nywele nyekundu, Fontana ni la waliokaa karibu na chemchemi, na Romano ni la aliyetoka Roma.

Kwa Eco mambo ni tofauti. Umberto Eco mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba babu yake mzaa baba alikuwa mtoto wa kuokotwa, na kwamba jina hilo alipewa na karani wa manispaa. Kwa miaka mingi familia haikujua karani yule alilitoa wapi. Baadaye rafiki yake mmoja alikuta katika Maktaba ya Vatikani orodha ya vifupisho vilivyokuwa vikitumiwa na mapadri wa shirika la Wajesuiti, na humo ndani zilikuwemo herufi tatu, E, C na O. Zilisimama badala ya maneno matatu ya Kilatini, ex caelis oblatus.

Maneno hayo si magumu. Ex ni "kutoka", caelis ni "mbinguni", na oblatus ni "aliyetolewa", kwa maana ya kitu kilichotolewa kama sadaka au zawadi. Ukiyaunganisha unapata "aliyetolewa na mbingu". Wakristo wa zamani huko Ulaya walilijua vizuri neno oblatus, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa mtoto ambaye wazazi wake walimpeleka kwenye nyumba ya watawa na kumtoa kwa Mungu. Karani aliyechagua neno hilo, kama kweli ndilo alilolikusudia, alikuwa anasema kwa upole kwamba mtoto huyu hakutupwa na mtu bali ametolewa.

Tunasema "kama kweli" kwa sababu karani mwenyewe hakuacha maelezo, na habari yote tunayo kutoka kwa mjukuu. Sisi tunaiona inakubalika, na sababu yake itaonekana tukirudi nyuma kidogo kwenye historia ya watoto hawa, ambayo ni kubwa kuliko familia moja.

GURUDUMU LA UKUTANI

Kwa karne nyingi miji ya Italia ilikuwa na majumba ya kulelea watoto waliotupwa, na mengi kati yake yalikuwa na kitu walichokiita ruota, yaani gurudumu. Lilikuwa ni pipa la mbao lililosimikwa ndani ya ukuta, wazi upande mmoja. Mtu alikuja usiku, akamweka mtoto ndani ya pipa, akalizungusha, kisha akapiga kengele na kuondoka. Mlinzi au mtawa wa zamu aliyekuwa ndani alisikia kengele, akamchukua mtoto bila kumwona aliyemleta na bila kuulizwa chochote. Roma ilikuwa na hospitali ya Santo Spirito, karibu na Vatikani, ambayo inahusishwa na Papa Innocent III, mwishoni mwa karne ya 12. Napoli ilikuwa na jumba la Annunziata. Milano nayo ilikuwa na lake.

Waliokuwa wakitupa watoto hawakuwa wanawake wasioolewa peke yao. Njaa ilipoingia, hata watu wenye ndoa zao walimpeleka mtoto wa nne au wa tano kwenye gurudumu. Katikati ya karne ya 19 watoto waliokuwa wakiachwa kwa mwaka mmoja nchini Italia walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na sehemu kubwa yao hawakufika umri wa kutembea. Maziwa ya kunyonyesha hayakutosha, magonjwa yalikuwa mengi, na mayaya wa kijijini waliokuwa wakilipwa kuwalea walikuwa nao hoi kwa umaskini.

Firenze, mji ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina la Florence, una jengo zuri sana liitwalo Ospedale degli Innocenti. Ujenzi wake ulianza mwaka 1419 kwa mchoro wa fundi mashuhuri Filippo Brunelleschi, kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri. Jina lake limetokana na wale watoto wasio na hatia waliouawa na mfalme Herode katika habari za Injili. Mtoto wa kwanza alipokewa Februari 5, 1445, siku ya mtakatifu Agata, naye akaitwa Agata Smeralda. Ukipita leo uwanja ulio mbele yake, juu ya nguzo utaona duara za udongo wa buluu zenye sura za watoto waliofungwa nguo kama vifurushi, kazi ya Andrea della Robbia. Shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, UNICEF, lina ofisi yake ya utafiti hapo tangu mwaka 1988.

Lakini kitu kinachomshika mtu koo ndani ya jengo hilo ni kidogo sana. Ni vipande vya medali na sarafu, shanga, na vitambaa. Mzazi alipokuwa anamwacha mtoto alikata medali katikati. Nusu moja aliifunga shingoni mwa mtoto, nusu ya pili akaondoka nayo, ili siku akipata uwezo arudi, nusu mbili zikutane na mtoto atambulikane. Makarani waliandika kila kitu kwenye madaftari, nguo aliyokuwa amevaa mtoto, kipande gani cha medali, saa ngapi. Nusu nyingi zimebaki pale jumba la makumbusho mpaka leo zikiwa peke yake, hazijapata mwenzake.

Mtoto alipopokewa alihitaji jina, na hapo ndipo majina ya ukoo yalipozaliwa. Firenze waliwaita wengi Innocenti, au Nocentini. Roma waliwaita Proietti, kutokana na neno la Kilatini la "aliyetupwa". Mwigizaji Gigi Proietti, kipenzi cha Warumi aliyefariki Novemba 2, 2020, siku ile ile aliyotimiza miaka 80, alikuwa na jina hilo. Milano, ambako hospitali kuu ilikuwa na alama ya njiwa, waliwaita Colombo. Na Napoli waliwaita Esposito, kutokana na expositus, yaani "aliyewekwa nje". Watu wa Napoli wenyewe waliwaita watoto wa Annunziata kwa jina zuri zaidi, wana wa Madonna, lakini pale ndani mtoto alivishwa shingoni kipande cha madini ya risasi chenye namba ili asichanganywe na mwingine.

Hebu fikiria mtoto anatoka pale akiwa na miaka kumi, anapelekwa kujifunza useremala. Anaulizwa jina, anasema "Gennaro Esposito". Hakuna haja ya swali la pili. Fundi, mke wa fundi na mtaa mzima wamekwisha kujua kwamba mtoto huyu hana baba. Akija kuposa, jina linatangulia kufika kabla yake. Kwa Kiswahili tunalo lile neno kali la kuwaita watoto wa aina hiyo, neno ambalo mtu hulitamka kwa hasira na baadaye kulijutia. Tofauti ni kwamba kule Italia lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya serikali, na mtoto alirithisha watoto wake.

MAKARANI WAKAANZA KUTUNGA

Mwanzoni mwa karne ya 19 mambo yalianza kubadilika. Wakati huo Wafaransa walikuwa wametawala sehemu kubwa ya Italia, na Napoli ilikuwa chini ya mfalme Joachim Murat, shemeji yake Napoleon. Chini ya utawala wake desturi ya kuwapa watoto wote wa kuokotwa jina moja la Esposito ilipigwa marufuku. Milano nayo ikaachana na Colombo katika miaka ya robo ya kwanza ya karne hiyo. Amri ilikuwa nzuri, ila iliwaachia makarani kazi ambayo hawakuizoea. Kila mtoto sasa alitakiwa kupata jina lake la ukoo, lisilofanana na la mwenzake, na lisiwe la familia inayojulikana mjini ili watu wasije wakaanza kunong'ona kwamba bwana fulani amezaa nje.

Basi makarani wakatunga. Wengine walifuata alfabeti, mwaka huu majina yote yaanze na herufi fulani, mwaka ujao inayofuata. Wengine walichukua majina ya miezi, maua, ndege, miji, au hali ya hewa ya siku ile. Wengine waliokuwa na elimu ya kanisa walichovya kwenye Kilatini. Karani mwenye roho mbaya au aliyechoka alitoa jina la ovyo, na mwenye huruma alitoa jina la baraka. Wataalamu wanakadiria kwamba Italia ina zaidi ya majina 300,000 ya ukoo, ikiwa ni moja ya nchi zenye majina mengi kuliko zote duniani, na sehemu ya utajiri huo imetoka kwenye kalamu za hawa makarani wasiojulikana.

Ndiyo maana habari ya Eco tunaiona inakubalika. Babu wa Umberto ni mtu wa karne ya 19, wakati majina ya wazi yalikuwa yamekwisha kukatazwa na karani alitakiwa kubuni. Herufi tatu zilimtosha. Jirani akisikia anafikiria mwangwi tu na hana la kuuliza. Padri akiliona kwenye daftari anaelewa. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwenye akili na moyo, maana alimpa mtoto jina linalosema ukweli bila kumwaibisha.

Huyo babu aliyetolewa na mbingu hakukaa bure. Alikuwa fundi wa kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na alipostaafu akawa anajalidi vitabu vya watu nyumbani. Alizaa watoto 13, mmoja wao akiwa Giulio, ambaye alikuja kuwa mhasibu. Nyumba ilikuwa ya shida, na inasimuliwa kwamba Giulio akiwa kijana alikuwa anasoma vitabu amesimama kwenye vibanda vya wauza vitabu barabarani. Mwenye kibanda akianza kumtupia jicho, yeye anahamia kibanda kinachofuata na kuendelea na kitabu kile kile pale alipoishia.

Umberto alizaliwa Januari 5, 1932 katika mji wa Alessandria, mkoa wa Piemonte, mji unaojulikana zaidi kwa kofia za Borsalino. Alikuwa mtoto mdogo babu yake alipofariki. Vitabu ambavyo babu alikuwa hajamaliza kuvijalidi, na ambavyo wenyewe hawakuja kuvichukua, vilitiwa ndani ya kasha, na kasha likaishia kwenye chumba cha chini nyumbani kwa akina Umberto. Kila alipotumwa chini kuchukua makaa au chupa ya mvinyo mtoto alichelewa kurudi. Alikuwa amefungua kasha, na humo alikutana na Darwin, na safari za Marco Polo, na hadithi za mashujaa zenye picha. Mwenyewe alisema mapenzi yake ya vitabu yalianzia hapo. Alipofariki nyumba yake ya Milano ilikuwa na vitabu vipatavyo 30,000.

Wapo wasomaji watakaokumbuka riwaya yake ya kwanza, Il nome della rosa, iliyotoka mwaka 1980 na kuuza mamilioni ya nakala, na filamu yake ya mwaka 1986 ambamo Sean Connery aliigiza mtawa mpelelezi. Kichwa chake ni "jina la ua waridi". Somo alilokuwa akilifundisha Chuo Kikuu cha Bologna lilikuwa ni elimu ya alama, jinsi kitu kimoja kinavyosimama badala ya kingine. Mtu ambaye jina lake lilikuwa herufi tatu zilizosimama badala ya maneno matatu! Hatusemi jina ndilo lililompeleka kwenye somo hilo, ila Mungu naye ana mizaha yake.

Katika riwaya ya pili, Il pendolo di Foucault ya mwaka 1988, aliweka mhusika aitwaye Diotallevi. Hilo nalo ni jina la kweli la ukoo, adimu, la Italia ya kati, na maana yake ni "Mungu akulee". Mhusika huyo ameshikilia kwamba yeye asili yake ni Myahudi, huku rafiki zake wakimkatalia kwamba babu yake alikuwa mtoto wa kuokotwa. Anayeifahamu habari ya familia ya Eco hawezi kusoma kurasa hizo bila kutabasamu, na labda kuhuzunika kidogo. Mtu asiyejua ametoka wapi anaweza kujichagulia popote.

Hata hivyo tahadhari inahitajika hapa, kwa sababu kwenye intaneti watu hurukia majibu. Si kila Diotallevi ametokana na mtoto aliyetupwa. Majina ya dua kama hayo yalikuwepo tangu zamani yakiwa ni majina ya kawaida ya kupewa mtoto. Fundi aliyeanza kujenga jengo la ubatizo la Pisa mwaka 1152 aliitwa Diotisalvi, "Mungu akuokoe". Wala si kila Colombo. Lipo jina lililotokana na kufuga njiwa, na Cristoforo Colombo, yule baharia wa Genova, alikuwa na baba anayejulikana, mfuma vitambaa.

YUPI MWENYE WINGI

Kuhusu umaarufu, takwimu za Italia zimekuwa zikimweka Rossi juu kwa nchi nzima, na Esposito yumo miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa, akiongoza katika eneo la Napoli. Colombo naye amejaa Milano, ingawa siku hizi jina Hu, la Wachina, limo kwenye nafasi za juu kabisa za mji huo, jambo lililowaacha midomo wazi Waitaliano wengi lilipotangazwa miaka ya 2010. Esposito amevuka bahari pia. Watazamaji wa tamthilia ya Breaking Bad wanamfahamu Giancarlo Esposito, aliyeigiza yule muuza kuku mpole na mkatili. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1958, baba Mwitaliano wa Napoli na mama Mmarekani mweusi. Jina lililoanzia kwenye gurudumu la Annunziata sasa linasomwa kwenye skrini dunia nzima na hakuna anayeliona kuwa aibu. Wingi wenyewe umelisafisha.

Majina kama Eco hayana wingi huo. Esposito alipewa maelfu ya watoto, karne baada ya karne. Jina la kutungwa lilipewa mtoto mmoja, siku moja, na likategemea mtoto huyo aishi, aoe na apate watoto wa kiume, kwa kuwa hadi miaka ya karibuni jina la ukoo Italia lilipita kwa baba. Mengi yalizimika na mwenyewe. Bila shaka yako madaftari ya manispaa yenye majina ambayo yalivaliwa na mtu mmoja tu kwa wiki mbili. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua kwamba mtoto apewe majina ya wazazi wote wawili, baba na mama, isipokuwa wenyewe wakikubaliana lingine, na huenda uamuzi huo ukayasaidia majina adimu yenye mabinti watupu.

Wale mlioko Italia mnaijua codice fiscale, ile namba ya kodi isiyokuachia hata ukienda kununua laini ya simu. Herufi zake tatu za mwanzo hutolewa kwenye jina la ukoo, konsonanti kwanza kisha irabu kama hazijatosha. Kwa hiyo mtu wa ukoo wa Eco huandikwa CEO, ambacho kwa siku hizi ni cheo cha mkurugenzi mkuu. Mwenzetu aitwaye Juma ni JMU, na Ali anageuka LAI.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Kwetu majina ya hali tunayo tele. Tabu, Shida, Mashaka, Sikudhani, Sikujua, Chausiku, Zawadi. Mtoto kazaliwa wakati wa njaa, au baba kasafiri hajarudi, au mama alikwisha kata tamaa, na jina likashika hali hiyo. Lakini kwa mpango wetu wa jina lako, la baba na la babu, jina hushuka ngazi mbili kisha linadondoka. Mjukuu wa Mashaka analibeba, kitukuu halimhusu tena. Mashaka yanapumzika.

Ukivuka mpaka mambo yanageuka. Afisa wa uhamiaji anataka jina la ukoo, na fomu ina kisanduku kimoja. Unaandika jina la babu kwa kuwa ndilo la mwisho, na tangu siku hiyo limeganda. Watoto wako watakaozaliwa Leicester au Minneapolis watakuwa Mashaka, na wajukuu Mashaka, hata kama hakuna aliyeonja shida ile iliyomfanya bibi kizaa bibi amwite mwanawe hivyo. Ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja kaandika jina la baba na mwingine la babu, wanakuwa koo mbili tofauti mbele ya sheria, na siku ya kumwombea mama yao viza wanaanza kutafuta mwanasheria. Wengi wetu tuna majina ya ukoo yaliyotengenezwa na karani, sawa na yule babu wa Alessandria, ila hatujapata karani aliyejua Kilatini.

Na kuhusu mtoto asiye na baba anayejulikana, desturi ya Kiislamu inakataza kumpachika nasaba isiyokuwa yake. Katika baadhi ya nchi huandikwa bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu, jina ambalo mtu yeyote anaweza kuwa nalo na haliwezi kumsuta. Haliko mbali sana na alichokifanya yule karani wa Kiitaliano.

Magurudumu yenyewe yaliziba katika nusu ya pili ya karne ya 19. La Napoli lilifungwa mwaka 1875, na Firenze nayo iliacha mwaka huo huo kupokea watoto bila kujua walioleta. Aibu ya kwenye karatasi ilidumu zaidi. Mpaka miaka ya 1950 Mwitaliano aliyetaka kazi, shule au kibali cha ndoa alitoa vyeti vyenye majina ya wazazi, na asiye na baba aliandikiwa N.N., kifupi cha maneno ya Kilatini ya "jina silijui". Herufi hizo mbili ziliwafungia watu milango mingi. Sheria ya Oktoba 31, 1955, iliyopiganiwa na seneta Lina Merlin, ndiyo iliyoondoa majina ya wazazi kwenye vyeti vya kawaida, na wenye N.N. na wasio nayo wakawa sawa machoni pa karani.

Leo sheria iko wazi. Kanuni za uandikishaji za mwaka 2000 zinakataza mtoto ambaye wazazi wake hawajulikani kupewa jina linaloonyesha asili yake, au jina la historia, au la familia inayojulikana mahali hapo. Mtu mzima ambaye jina lake la ukoo linamwaibisha, au linafichua kwamba alizaliwa bila wazazi kujulikana, anaweza kuomba kwa mkuu wa mkoa, prefetto, libadilishwe. Wapo wanaofanya hivyo. Wapo pia akina Esposito wanaokwambia hawabadilishi hata kwa dawa.

Watoto bado wanaachwa. Sheria ya Italia inamruhusu mama kujifungulia hospitali bila kutajwa jina, na baadhi ya hospitali zina kitanda cha ukutani chenye joto na kengele, mrithi wa lile gurudumu. Jumapili ya Pasaka, Aprili 9, 2023, mtoto wa kiume aliachwa kwenye kitanda cha namna hiyo katika hospitali moja ya Milano, pamoja na barua ya mama yake, na magazeti ya Italia yaliandika habari zake kwa siku kadhaa. Mtoto wa hivyo hupewa jina na jina la ukoo na afisa wa manispaa kabla ya kutafutiwa wazazi wa kumlea, na akishapata wazazi huchukua jina lao. Afisa huyo siku hizi hatungi wala hafungui kitabu cha Kilatini, anachagua jina la kawaida lisilomwambia mtu chochote.